Sanaa na Kalenda: Utunzi wa Kila Siku katika Tamthilia 365 za Suzan-Lori Parks

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu chimbuko la kazi ya sanaa una umri mrefu katika uhakiki wa fasihi. Upande mmoja wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi hutunga pale tu anapofikiwa na msukumo, au kama wengine wanavyouita, uvuvio. Na kwamba kalamu inayolazimishwa huzaa maneno yasiyo na roho. Upande wa pili wapo wanaoiona sanaa kuwa ni ufundi kama ufundi mwingine. Seremala hangojei msukumo ndipo arande ubao, wala mfinyanzi hangojei ndoto ndipo afinyange chungu. Neno lenyewe sanaa, ambalo Kiswahili kimelipata kutoka Kiarabu, katika asili yake hubeba maana ya kazi ya mikono iliyofanywa kwa ustadi, na kwa hiyo linaegemea zaidi upande huu wa pili.

Methali za Kiswahili nazo hazitoi hukumu moja. Ipo isemayo haraka haraka haina baraka, na ipo isemayo haba na haba hujaza kibaba. Ya kwanza humwonya mtunzi anayetaka kumaliza kazi kabla haijaiva. Ya pili humtia moyo yule anayeongeza kidogo kidogo bila kukoma. Mtu aliyejiwekea ahadi ya kutunga kazi mpya ya sanaa kila siku kwa muda wa mwaka mzima huzikutanisha methali hizi mbili mahali pamoja. Kwa kuwa lazima amalize leo, ana haraka. Na kwa kuwa anarudia kesho na keshokutwa, anajaza kibaba. Swali ni je, kibaba hicho kikishajaa, kina nafaka au kina makapi?

Makala hii inalichunguza swali hilo kwa kuutazama mfano mmoja mashuhuri katika fasihi ya Marekani, yaani mkusanyo wa tamthilia uitwao 365 Days/365 Plays wa Suzan-Lori Parks. Ili kulipima vyema sharti alilojiwekea mtunzi huyo, makala inamlinganisha na wasanii wawili wengine walioifanya siku au saa kuwa msingi wa kazi zao, yaani On Kawara na Tehching Hsieh. Baada ya hapo inachambua jinsi sharti la siku lilivyoathiri fani na maudhui ya tamthilia zenyewe, inaeleza namna zilivyofikishwa jukwaani, inazijadili pingamizi zinazoweza kutolewa, na mwishoni inaonyesha mafunzo yanayoweza kupatikana katika ufundishaji wa utunzi.

2.0 Mtunzi na Ahadi Yake

Suzan-Lori Parks alizaliwa mwaka 1963 huko Fort Knox, katika jimbo la Kentucky. Alisoma katika Chuo cha Mount Holyoke, ambako miongoni mwa walimu wake wa utunzi alikuwapo James Baldwin, mwandishi maarufu Mmarekani Mweusi. Mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Pulitzer kwa tamthilia yake Topdog/Underdog, akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani Mweusi kuipata tuzo hiyo katika fani ya tamthilia. Kwa desturi ya kawaida, mtunzi aliyefikia daraja hilo angetazamiwa kutulia na kuandaa kazi moja kubwa itakayofuata. Parks hakufanya hivyo. Tarehe 13 Novemba, 2002 alianza kuandika tamthilia moja kila siku, akaendelea hadi tarehe 12 Novemba, 2003. Mkusanyo wote ulichapishwa kitabu mwaka 2006, na katika kitabu hicho tamthilia zimepangwa kwa kufuata tarehe zilipoandikwa.

Yafaa kuangalia kwa makini kile kilichoahidiwa na kile ambacho hakikuahidiwa. Ahadi haikuhusu urefu: nyingine ni za kurasa kadhaa, na nyingine hazifiki hata ukurasa mmoja. Haikuhusu dhamira, wala idadi ya wahusika, wala mahali. Ilihusu jambo moja tu, kwamba siku isipite bila tamthilia. Kwa maneno mengine, mtunzi alijifunga katika wakati, akajiacha huru katika mambo mengine yote. Uhusiano huu wa kifungo na uhuru si mgeni kwa msomaji wa ushairi wa Kiswahili. Mshairi wa kimapokeo hufungwa na mizani na vina, na ndani ya kifungo hicho ndimo anamoonyesha wepesi wa ulimi wake. Tofauti ni kwamba kifungo cha mizani kimo ndani ya shairi lenyewe na msikilizaji hukisikia, ilhali kifungo cha kalenda kiko nje ya kazi. Anayesoma tamthilia moja peke yake hawezi kujua kwamba iliandikwa kwa siku moja, ila kwa kuambiwa. Ndiyo sababu tarehe haikuwekwa kitabuni kama pambo: inauonyesha utaratibu ambao bila yake usingeonekana.

Tamthilia ya kwanza katika mkusanyo inaitwa Start Here, na wahusika wake ni Krishna na Arjuna. Majina hayo yametoka katika Bhagavad Gita, utungo mkongwe wa India, ambamo Arjuna, akiwa shujaa aliyesimama katikati ya majeshi mawili, anasita kuingia vitani, naye Krishna anamhimiza atende wajibu wake bila kushikamana na matunda ya tendo. Uteuzi wa wahusika hao kwa siku ya kwanza una uzito. Mtunzi anayeanza safari ya siku 365 naye amesimama mahali pa kusita. Na fundisho la kutenda bila kuyang'ang'ania matokeo ndilo hasa linalomwezesha mtu kuandika leo bila kujua kama kilichoandikwa kitasifiwa au kitatupwa.

3.0 Siku kama Kipimo: Kawara na Hsieh

Parks hakuwa wa kwanza kuifanya kalenda kuwa sehemu ya sanaa. On Kawara, mchoraji aliyezaliwa Japani mwaka 1932 na kuishi miaka mingi New York hadi alipofariki mwaka 2014, alianza tarehe 4 Januari, 1966 mfululizo wa picha uitwao Today. Kila picha ina rangi moja ya nyuma, na juu yake imeandikwa kwa rangi nyeupe tarehe ya siku ilipochorwa, basi. Tarehe huandikwa kwa lugha na taratibu za nchi ambamo mchoraji alikuwapo siku hiyo. Na pale ambapo lugha ya nchi haitumii herufi za Kilatini, alitumia Kiesperanto. Kanuni yake kubwa ilikuwa hii: picha ambayo haikukamilika kabla ya saa sita ya usiku iliharibiwa. Hakuchora kila siku, na siku nyingine alichora zaidi ya moja, lakini katika muda wa miongo kadhaa alifikisha picha zinazokaribia 3,000. Picha nyingi zilihifadhiwa katika visanduku, na mara nyingi ndani ya kisanduku kiliwekwa kipande cha gazeti la siku hiyo hiyo.

Kanuni ya saa sita ya usiku inaibua suala ambalo mzungumzaji wa Kiswahili huliona upesi kuliko wengine: siku ni nini, na inaanza wapi? Kwa hesabu ya Kizungu, siku hukatwa katikati ya usiku. Kwa hesabu ya asili ya Waswahili, ambayo inalingana na hesabu ya Kiislamu, siku mpya huingia jua linapotua, ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwa maana ya kimapokeo ni ule unaoitangulia Ijumaa na si ule unaoifuata. Saa nazo huhesabiwa tangu macheo na tangu machweo, kila moja na saa zake kumi na mbili. Kwa mtu anayehesabu hivyo, saa sita ya usiku haianzishi wala haimalizi kitu. Ni katikati tu ya giza. Kawara angalijiwekea sharti lake kwa hesabu hiyo, angelazimika kuweka brashi chini adhana ya magharibi inapoadhiniwa, na usiku wote ungekuwa mali ya picha ya kesho. Jambo hili linaonyesha kwamba siku inayotumiwa kama kipimo cha sanaa haikutolewa na maumbile peke yake. Ni mapatano ya jamii, na msanii anapoichagua huchagua pamoja nayo utamaduni mzima wa kuhesabu wakati.

Tehching Hsieh, msanii aliyezaliwa Taiwan mwaka 1950 na kuhamia New York, aliusukuma utaratibu huu hadi ukomo wake. Kuanzia tarehe 11 Aprili, 1980 hadi tarehe 11 Aprili, 1981 alijiwekea sharti la kupiga kadi kila saa, usiku na mchana, katika saa ya mahudhurio ya aina ile ambayo wafanyakazi wa kiwandani huipigia kadi wanapoingia na kutoka kazini. Mwaka una saa 8,760. Kati ya hizo alikosa mara 133: mara 94 kwa sababu ya kulala, mara 29 kwa kuchelewa, na mara 10 kwa kuwahi mno. Kila alipopiga kadi alijipiga pia picha moja ya filamu. Alianza mwaka akiwa amenyoa kichwa, na filamu inapoonyeshwa, siku nzima hupita kwa muda wa sekunde moja hivi na mwaka wote humalizika kwa dakika zipatazo sita, huku mtazamaji akiona nywele zinavyorefuka.

Tofauti kati ya wasanii hawa wawili imo katika namna kila mmoja anavyoishughulikia kasoro. Kawara aliiondoa: picha iliyochelewa haipo tena duniani. Hsieh aliiandika: makosa yake 133 yamehesabiwa, yamegawanywa kwa sababu zake, na yamekuwa sehemu ya kazi. Katika mfano wa kwanza kanuni inalindwa kwa kuharibu. Katika mfano wa pili inalindwa kwa kukiri. Parks yuko mahali pa tatu. Kwake siku mbaya haikufutwa wala haikuandikiwa ripoti. Iligeuzwa kuwa tamthilia. Siku ambayo mtunzi hana la kusema huweza kutoa kipande kifupi mno, chenye tendo moja na ukimya, na kipande hicho huhesabiwa sawa na vingine. Kwa njia hiyo udhaifu wa siku unaonekana katika umbo la kazi yenyewe.

4.0 Athari za Sharti katika Fani na Maudhui

4.1 Ufupi na maelekezo ya jukwaani

Athari ya kwanza inayoonekana ni ufupi. Tamthilia ya kawaida hujengwa kwa utangulizi, mgogoro, kilele na upeo. Inahitaji nafasi ya kumkuza mhusika na kumbadilisha. Tamthilia ya siku moja haina nafasi hiyo. Badala ya kumkuza mhusika, humwonyesha akiwa katika kitendo kimoja, kisha taa huzimwa. Matokeo yake ni kwamba mzigo mkubwa hubebwa na maelekezo ya jukwaani. Katika tamthilia ndefu maelekezo hayo humtumikia mwigizaji tu. Katika vipande hivi mara nyingine ndiyo huwa kiini cha tamthilia, na mazungumzo huwa machache au yasiwepo kabisa. Mwongozaji hupewa sentensi chache, naye hulazimika kuamua mengi: watu wangapi, mwendo gani, muda gani.

4.2 Ukimya

Athari ya pili ni matumizi ya ukimya. Parks alikuwa tayari na alama zake za ukimya kabla ya mwaka 2002. Katika insha yake kuhusu mtindo, iliyomo katika kitabu The America Play and Other Works cha mwaka 1995, alieleza alama mbili. Moja ni pumziko, yaani kutulia kidogo katikati ya maneno. Ya pili ni pale ambapo majina ya wahusika huorodheshwa yakifuatana bila maneno yoyote mbele yake. Wahusika wapo, wanatazamana, na hali yao inasikika bila kutamkwa. Katika mkusanyo wa mwaka mzima alama hizi zinapata kazi mpya. Mahali ambapo tamthilia ni fupi sana, pumziko moja huweza kuchukua sehemu kubwa ya muda wa onyesho, na mtazamaji hulazimika kuupima ukimya kama anavyoyapima maneno.

4.3 Urejeaji na urekebishaji

Athari ya tatu, nayo ndiyo nzito zaidi, inahusu urejeaji. Katika insha hiyo hiyo Parks alieleza kwamba msingi wa utunzi wake ni kurejea na kurekebisha, mbinu aliyoihusisha na muziki wa jazi. Mwanamuziki wa jazi huupiga wimbo mfupi, kisha huurudia, lakini kila anaporudia hubadilisha kidogo, hata mwishoni msikilizaji anajikuta mahali pengine. Mhakiki wa Kiswahili anayo istilahi ya takriri, lakini takriri kwa kawaida hutazamwa kama pambo la lugha ndani ya ubeti au aya. Kwa Parks urejeaji ni muundo unaoibeba kazi nzima.

Ahadi ya kila siku inaupanua muundo huo hadi ukubwa wa mwaka. Tendo ni lile lile, kuketi na kuandika, lakini siku si ile ile. Mfano bora ni vipande kadhaa vyenye anwani ya Father Comes Home from the Wars, ambavyo vinatokea tena na tena katika mkusanyo. Kila mara baba anarudi kutoka vitani, na kila mara kurudi kwake kuna sura nyingine. Mandhari ya kihistoria ya jambo hilo yako wazi: katikati ya mwaka ule wa utunzi, mnamo Machi 2003, Marekani na washirika wake waliivamia Iraki. Mtunzi aliyekuwa akiandika kila siku hakuwa na haja ya kupanga kuandika tamthilia kuhusu vita; vita viliingia katika kalenda, na kalenda ndiyo iliyokuwa kitabu chake.

Hapa inafaa kumkumbuka Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi aliyeishi kati ya karne ya 18 na karne ya 19. Sehemu kubwa ya mashairi yake ilitokana na matukio ya siku zile: ugomvi wa watawala, mashindano ya malenga, mambo ya nyumbani na ya sokoni. Sifa hiyo iliyapa mashairi yake uhai mkubwa, lakini pia iliyaachia vizazi vilivyofuata tatizo. Tukio likisahauliwa, shairi hubaki kama jibu ambalo swali lake limepotea, na msomaji huhitaji maelezo ya wajuao. Kazi inayofungamana na siku imo katika hatari hiyo daima. Kawara alilitatua tatizo kwa kuweka gazeti ndani ya kisanduku. Parks aliweka tarehe, akamwachia msomaji aitafute habari ya siku hiyo mwenyewe. Kadiri miaka inavyopita, vipande vinavyotegemea habari ya siku vitazidi kuhitaji tanbihi, na vile vinavyosimama kwa taswira zao vitaendelea kueleweka.

5.0 Kutoka Kalenda hadi Jukwaa

Tamthilia isiyoonyeshwa haijatimia. Tamthilia 365 zingeweza kubaki kitabuni, kwa kuwa hakuna kampuni moja ya maigizo ambayo ingekuwa na uwezo wa kuzionyesha zote kwa utaratibu wa kawaida. Ufumbuzi uliobuniwa na Parks pamoja na mtayarishaji Bonnie Metzgar ulikuwa ni kuirudia kalenda. Kuanzia tarehe 13 Novemba, 2006 hadi tarehe 12 Novemba, 2007, miaka minne kamili baada ya utunzi, tamthilia zilionyeshwa kwa mpangilio wa wiki. Kila kikundi kilipewa wiki yake moja yenye tamthilia saba, na kikundi kilichofuata kikapokea wiki iliyofuata. Zaidi ya vikundi 700 vilishiriki, vikiwemo vyumba vikubwa vya maigizo, vikundi vidogo vya mitaani na vyuo vikuu. Ada ya haki ya kuonyesha ilikuwa dola moja kwa kila tamthilia, maana yake kikundi kililipa dola 7 tu kwa wiki nzima.

Pamoja na tamthilia za wiki, vikundi vilipewa pia vipande vitatu vya kudumu ambavyo viliweza kuonyeshwa wakati wowote katika mwaka. Vipande hivyo vilifanya kazi inayofanana na ile ya kibwagizo katika wimbo: viliviunganisha vikundi vilivyokuwa mbali mbali na visivyofahamiana.

Mpango huu una maana ya kijamii ambayo haipaswi kupitwa. Desturi iliyozoeleka ni kwamba tamthilia mpya ya mtunzi mwenye jina hupewa jumba moja kubwa, ambalo hupata sifa ya kuwa la kwanza. Hapa sifa hiyo iligawanywa. Kikundi kidogo kilichopata wiki ya Februari kilikuwa cha kwanza kwa tamthilia zake saba sawa sawa na jumba kubwa lililopata wiki nyingine. Hali kadhalika, hakuna mtazamaji aliyeweza kudai kwamba ameziona zote mahali pamoja. Kazi ilikuwa moja, lakini ilimilikiwa na wengi, kila mmoja akiwa na kipande chake, mithili ya vikundi vya ngoma ambavyo kila kimoja kina zamu yake.

6.0 Pingamizi

Pingamizi ya kwanza inahusu ubora. Haiwezekani tamthilia 365 zilizoandikwa kwa siku 365 zote ziwe na kiwango kimoja, na kwa kweli hazina. Mhakiki anayezipima moja moja kwa vigezo vya tamthilia kamili atazikuta nyingi zimepungukiwa. Jibu linalotolewa aghalabu ni kwamba kazi ya kupimwa ni mwaka mzima. Jibu hilo lina ukweli, lakini lisikubaliwe kwa urahisi, kwa sababu linaweza kugeuka kichaka cha kuficha uvivu. Mtazamaji wa mwaka 2006 hakuuona mwaka. Aliona tamthilia saba, na alikuwa na haki ya kuguswa nazo.

Hata hivyo kuna ushahidi wa aina nyingine. Vipande vya Father Comes Home from the Wars havikuishia katika mkusanyo. Mwaka 2014 Parks alitoa tamthilia ndefu yenye anwani hiyo hiyo na sehemu tatu, iliyoonyeshwa katika Public Theater jijini New York. Inahusu mtumwa aitwaye Hero ambaye, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, anamfuata bwana wake katika jeshi la Kusini kwa ahadi ya kupewa uhuru, yaani anaombwa kukipigania kile kile kinachomfunga. Tamthilia hiyo ilifika miongoni mwa zilizoshindania Tuzo ya Pulitzer mwaka 2015. Mbegu yake ilikuwa katika siku za mwaka 2002 na 2003, na ilichukua zaidi ya miaka kumi kuiva. Kwa hiyo haraka na subira si lazima zipingane. Aliyeandika kwa haraka kila siku ndiye aliyeweza kusubiri muongo mzima, kwa kuwa alikuwa na kitu cha kusubiri.

Pingamizi ya pili inahusu hesabu. Pale ambapo sifa ya kazi ni idadi ya siku, kuna hatari idadi ikala sanaa. Mwaka 2021 mchoraji wa kompyuta Mike Winkelmann, ajulikanaye kama Beeple, aliyekuwa akitoa picha moja kila siku tangu tarehe 1 Mei, 2007, aliziunganisha picha zake 5,000 za kwanza kuwa kazi moja, nayo ikauzwa na kampuni ya mnada ya Christie's kwa zaidi ya dola milioni 69. Mjadala mkubwa uliofuata ulihusu bei na namna ya kuimiliki, na kwa nadra ulihusu picha moja moja zilizomo. Namba ilikuwa imekuwa bidhaa. Ulinganisho na dola moja kwa kila tamthilia unaonyesha kwamba utaratibu ule ule wa kila siku unaweza kupelekwa katika njia mbili tofauti kabisa: kukusanya thamani mahali pamoja, au kuitawanya.

Pingamizi ya tatu ni kwamba utaratibu kama huu humfaa tu mtu mwenye nafasi na riziki ya uhakika. Ni kweli kwamba Parks alianza akiwa na jina na tuzo. Lakini sharti lake halikuhitaji studio, wala fedha, wala saa nyingi; lilihitaji karatasi. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipofunga majumba ya maigizo, alilirudia zoezi la kuandika tamthilia kila siku akiwa nyumbani, na matokeo yake, Plays for the Plague Year, yalionyeshwa New York mwaka 2023. Safari hii kila siku ilikuwa na idadi yake ya vifo, na kuandika ilikuwa njia ya kuzuia siku hizo zisifanane zote machoni pa mtu aliyefungiwa.

7.0 Mafunzo kwa Ufundishaji wa Utunzi

Ufundishaji wa fasihi katika shule na vyuo huweka mkazo katika kuchambua kazi zilizokwisha kukamilika. Mwanafunzi hujifunza kutaja dhamira, ujumbe, muundo na mtindo. Anapotakiwa kutunga, hutunga mara chache na kwa ajili ya alama. Katika hali hiyo kila utungo huwa mtihani, na woga wa kukosea huwa mkubwa kuliko hamu ya kusema. Mfano wa tamthilia 365 unaonyesha njia nyingine, ambayo inaweza kujaribiwa kwa kiwango kidogo bila gharama.

Kwanza, sharti liwe moja na liwe la wakati, si la ubora. Mwanafunzi atakiwe kutoa utungo mmoja kwa siku kwa muda wa wiki moja, hata ukiwa na mistari minne ya mazungumzo. Pili, kila utungo uandikwe tarehe, na usifutwe. Kasoro ya Jumanne ibaki ili Ijumaa ilinganishwe nayo. Tatu, zoezi la kurejea na kurekebisha lipewe nafasi: anwani ile ile itungiwe mara tatu katika siku tatu tofauti, ili mwanafunzi aone kwamba kurudia si kurudi mahali pale pale. Nne, wiki ya mwanafunzi mmoja iigizwe na wenzake, kwa kuwa mtunzi hujifunza mengi anaposikia maneno yake yakitoka katika kinywa cha mwingine. Mwishoni mwalimu asihesabu alama za tungo zote saba. Amwombe mwanafunzi achague moja yenye mbegu, na hiyo ndiyo ifanyiwe kazi kwa subira kwa muhula uliobaki.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kutunga kila siku si kipimo cha bidii tu, bali ni kanuni ya kisanaa yenye matokeo yanayoweza kuchambuliwa. Katika tamthilia za Parks kanuni hiyo imezaa ufupi, imeyapa nguvu maelekezo ya jukwaani na ukimya, na imeugeuza urejeaji kuwa muundo wa mwaka mzima. Ulinganisho na Kawara na Hsieh umeonyesha kwamba siku yenyewe ni mapatano ya kijamii, na kwamba namna msanii anavyoitendea kasoro yake ni sehemu ya maana ya kazi yake. Mpango wa maonyesho wa mwaka 2006 na 2007 umeonyesha kuwa kalenda inaweza pia kuwa njia ya kuigawa sanaa kwa wengi.

Kuhusu mjadala ulioanzisha makala hii, baina ya msukumo na ufundi, mfano huu haumpi ushindi mshindani yeyote. Msukumo haukuletwa kwa amri: siku nyingi za mwaka ule zilitoa vipande vidogo visivyozidi ukubwa wa siku zenyewe. Lakini siku ambayo baba alirudi kutoka vitani kwa mara ya kwanza haikuwa na alama yoyote iliyoitofautisha na nyingine, na mtunzi aliyengojea alama hiyo asingekuwapo mezani kumpokea. Kibaba kilichojazwa haba na haba kina makapi ndani yake, na kazi ya kupepeta ni ya mtunzi na ya mhakiki pia. Kibaba kitupu hakina cha kupepetwa.